Sura ya Tano: Mahali pa Kuinjika Chungu

Katika mambo yote yanayomshughulisha mtu mwenye nia ya kufungua mgahawa, yaani mtaji, wapishi, vyombo, leseni na bei, hakuna hata moja lililo gumu kurekebishwa baada ya kukosewa kama mahali. Mpishi asiyefaa huachishwa kazi, bei iliyozidi hupunguzwa, na mchuzi uliopungua chumvi leo hukolezwa kesho. Lakini jengo lililosimamishwa mahali pasipopita mtu haling'oki likahama, na kodi yake hudaiwa kila mwezi, wateja wawepo wasiwepo. Sura hii inakusudia kueleza jinsi programu za ramani zinavyoweza kumsaidia mkazi wa pwani ya Kilwa na Lindi kuchagua mahali pa kuinjika chungu chake, na pia kueleza jambo moja ambalo programu hizo, pamoja na uhodari wake wote, hazilioni mpaka ziambiwe, nalo ni saa.

Elimu ya kuchagua mahali si ngeni katika pwani hii. Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na ambao magofu yake, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, haukupata utajiri kwa ukubwa wa ardhi yake, maana kisiwa chenyewe ni kidogo. Uliupata kwa kuwa mahali pa mwisho, kwa kadiri ya desturi ya bahari, ambapo jahazi lililotoka Arabuni kwa pepo za kaskazi liliweza kufika, likauza na kununua, kisha likarejea kwao kwa kusi pasipo kulazimika kungoja mwaka wa pili ugenini. Dhahabu ya Sofala ilikuwa mbali zaidi upande wa kusini, na madhali majahazi ya ng'ambo hayakuwa na wasaa wa kuifuata na kurudi kwa msimu mmoja, masultani wa Kilwa waliileta hadi mlangoni pao, wakaitoza ushuru, na kwa ushuru huo wakajenga Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa. Ulikuwa utajiri wa kalenda kabla ya kuwa utajiri wa dhahabu.

Baadaye njia ilihama, na biashara ikaifuata. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, ikiwa na pembe za ndovu na wanadamu waliofungwa minyororo, ilitokea pwani Kilwa Kivinje, na mji huo ukakua ijapokuwa maji ya ufuko wake ni machache na vyombo vikubwa havina budi kutia nanga mbali. Halafu serikali ikahamia Kilwa Masoko, penye bandari ya kina, na Kivinje ikabaki na boma la Wajerumani na milango yake ya nakshi. Mwisho ikaja zamu ya barabara: mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Mto Rufiji, na kipande cha Ndundu hadi Somanga, chenye urefu wa kilomita 60 na kilichowatesa wasafiri wa kusini kwa miaka mingi, hatimaye kikatiwa lami. Tangu hapo Nangurukuru, ambayo baharia wa zamani hakuwa na sababu ya kuijua, imekuwa mlango wa Kilwa yote. Katika kila zamu aliyepata riziki ni yule aliyetambua mapema kwamba watu wamebadili njia. Aliyechelewa alibaki na ghala tupu.

Kuhusu zana zenyewe, wasomaji wengi hudhani kwamba programu za ramani ni tunda la miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, lisilo na nasaba na nchi zetu. Walakini mzizi wake mmoja umo Afrika Mashariki. Karibu na mwaka 1960 kampuni ya Spartan ya Ottawa, nchini Kanada, iliyokuwa ikipiga picha za ardhi kutoka angani, ilipewa kazi ya kutafuta katika Kenya mahali panapofaa kupandwa miti na kujengwa kiwanda cha karatasi. Ilibidi ramani nyingi za eneo moja, kila moja na habari yake, zilinganishwe juu ya meza moja. Na gharama ya kuifanya kazi hiyo kwa mkono ilipohesabiwa ilionekana kubwa mno, hata shauri likaachwa. Mjiografia mmoja wa kampuni hiyo, Roger Tomlinson, alitoka katika tatizo hilo na wazo kwamba kompyuta ingeweza kuzilinganisha ramani kwa haraka na kwa bei nafuu, na kwa wazo hilo, katika miaka ya 1960, akaiundia serikali ya Kanada mfumo ambao wataalamu wengi huuhesabu kuwa wa kwanza wa namna yake duniani. Kwa hiyo swali lililoizaa elimu hii ni lile lile la mwenye mgahawa: kitu hiki nikiweke wapi?

Namna programu inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Kila kitu kilicho juu ya ardhi hupewa nambari mbili zinazotambulisha mahali pake, na vitu vya aina moja huwekwa pamoja katika tabaka lake: barabara zina tabaka lake, nyumba lake, mito lake, shule, misikiti, stendi, zahanati na madiko ya wavuvi kadhalika. Mtumiaji huyapanga matabaka hayo moja juu ya jingine, kisha huuliza maswali: nionyeshe viwanja vyote vilivyo ndani ya mwendo wa dakika 10 kwa miguu kutoka stendi, visivyo katika bonde la mto, na vyenye nguzo ya umeme karibu. Palipokuwa na mji mzima hubaki mitaa miwili au mitatu, na mtu ambaye angetangatanga kwa mwezi mzima huanza kazi yake na orodha fupi mkononi.

Wala zana hizi si za matajiri peke yao. QGIS, programu iliyoanzishwa mwaka 2002, hutolewa bure kwa kila anayeitaka. OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 2004, iko wazi kwa wote, na Watanzania wamekwisha kuitia mikono yao, hasa katika mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walichora mifereji, njia na nyumba za sehemu zinazofurika. Sensa ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na matokeo yake hutangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mwaka huo huo operesheni ya anwani za makazi ilizipa nyumba nambari na barabara majina. Mtu mwenye kompyuta ya kawaida na subira ya juma zima aweza leo, akiwa Lindi mjini, kupanga mbele yake habari ambazo zamani zilikuwa siri ya makampuni makubwa.

Basi tuanze na tabaka la watu. Sensa ya 2022 iliuhesabu Mkoa wa Lindi kuwa na watu 1,194,028, wanaoishi katika eneo la takriban kilomita za mraba 66,000. Maana yake ni kwamba, kwa wastani, kila kilomita ya mraba ina watu wapatao 18 tu. Vitabu vya biashara vilivyoandikwa Marekani humfundisha msomaji kuchora duara kuzunguka mahali alipopakusudia na kuwahesabu wakazi waliomo, na ushauri huo una maana katika nchi iliyosongamana nyumba. Ray Kroc, aliyeieneza McDonald's, alipokuwa akitafuta viwanja katika zama za mwanzo za biashara yake, aliruka kwa ndege ndogo juu ya miji akitazama shule na minara ya makanisa, kwa kuwa alijua kwamba penye shule pana familia. Mtu akiichukua kanuni hiyo akaitumia Lindi pasipo kuigeuza, atachora duara lake na kukuta ndani yake mikorosho, minazi na nyumba chache zenye meko yao wenyewe. Katika nchi ya watu wachache, mteja wa mgahawa aghalabu si jirani. Ni mpita njia. Kwa hiyo tabaka la kwanza kwa uzito, kusini, ni barabara.

Tazama barabara hiyo katika ramani. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni mwendo wa zaidi ya kilomita 550, na ukiigawa katikati utaangukia katika kipande kilichopo baina ya Somanga na Nangurukuru. Basi linaloondoka Dar es Salaam alfajiri na lile linaloondoka Mtwara alfajiri yote mawili hufika katika kipande hicho kadiri ya saa ambayo tumbo la msafiri limeanza kudai haki yake. Nangurukuru, aidha, ni njia panda ya pande nne: kaskazini Dar es Salaam, kusini Lindi, mashariki Kivinje na Masoko, magharibi Liwale. Somanga haina njia panda ya namna hiyo, lakini ina bahari karibu na samaki wa kukaanga ambao sifa yao imewatangulia hadi Dar es Salaam. Wauzaji huyakimbilia madirisha ya basi wakiwa na sinia kichwani, na mnunuzi hula akiwa safarini.

Hapo panatokea swali ambalo mwanauchumi Harold Hotelling alilijadili mwaka 1929: mfanyabiashara akae penye wenziwe au ajitenge? Alionyesha kwamba wauzaji wawili wa bidhaa moja katika njia moja huvutana hadi wakakaa bega kwa bega katikati, kila mmoja akiogopa kumwachia mwenziwe wateja. Somanga yaonyesha upande mwingine wa jambo hilo, upande wa faida: gari halisimami kwa ajili ya sinia moja, ila husimama kwa sababu masinia ni mengi na dereva ana hakika ya kumkuta muuzaji. Anayefungua mgahawa mpya kilomita 20 kutoka hapo, akidhani amekimbia ushindani, huenda akawa amewakimbia wateja.

Miongoni mwa kanuni ambazo programu huzitumia, moja inastahili kufahamika na kila mtu, nayo ilitungwa na David Huff, Mmarekani, katika miaka ya 1960. Husema kwamba nguvu ya duka kumvuta mteja huongezeka kwa ukubwa wake na kupungua kwa umbali wake, na umbali hukata kwa ukali zaidi kuliko ukubwa unavyoongeza. Tuchukue mfano wa fundi wa mashua aliyeko karibu na bandari ya Kilwa Masoko, mbele yake pana migahawa miwili: wa kwanza una viti 40 nao uko kilomita 1, wa pili una viti 20 nao uko nusu kilomita. Tukigawa idadi ya viti kwa mraba wa umbali, wa kwanza hupata 40, na wa pili hupata 80. Maana yake ni kwamba, mambo mengine yakiwa sawa, fundi huyo na wenziwe watakwenda katika mgahawa mdogo mara mbili kwa kila mara moja watakayokwenda katika ule mkubwa. Mwenye mtaji mdogo asikate tamaa, kwani ukaribu ni mtaji wa pili.

Masoko yenyewe ni soko la namna nyingine kuliko Nangurukuru. Hapo wamo watumishi wa wilaya, walimu, wavuvi na wachuuzi wa samaki, wageni wanaovuka kwenda Kisiwani kuyaona magofu, na watu wa bandari ya uvuvi ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2023. Lindi mjini vilevile ina watu wa maofisi, stendi, hospitali ya mkoa, na wavukao ghuba kwenda Kitunda. Wateja hawa hurudi kila siku. Huzijua sahani na hukumbuka ubaya. Msafiri wa Nangurukuru huonja mara moja akapita, ila dereva wake hukumbuka, na dereva ndiye anayeamua basi lisimame wapi. Tena katika barabara zetu inajulikana kwamba dereva na kondakta hula bure pale wanapowashusha abiria, jambo ambalo hakuna setilaiti iliyopata kuliona.

Tumefika katika kiini cha sura hii. Ramani huonyesha mahali kana kwamba mahali ni pale pale mchana na usiku, masika na kiangazi, ilhali pwani hii huishi kwa saa na misimu. Mwaka 2023 serikali iliporuhusu mabasi kusafiri tena usiku baada ya katazo la miaka mingi, hakuna barabara iliyosogea hata hatua moja, lakini saa ya njaa ilisogea: lile basi ambalo lingepita adhuhuri sasa laweza kupita usiku wa manane, na mgahawa unaofungwa baada ya isha humwacha abiria wake apite na njaa yake. Mwezi wa Ramadhani, ambao hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya jua, huufunga mchana na kuufungua usiku. Penye meza za chakula cha mchana katika Kivinje au Lindi panakuwa kimya, na biashara huhamia penye njia ya kutoka msikitini wakati wa futari na daku.

Fedha nayo ina majira yake. Ufuta ukiuzwa katikati ya mwaka na korosho kuanzia mwezi wa Oktoba, mkulima wa bara ya Lindi huwa na noti mfukoni, na mji hujaa wanunuzi, wapakizi na madereva wa malori. Miezi inayotangulia mavuno, mtu yule yule hunywa chai ya rangi na kwenda zake. Hata bahari hugawa riziki kwa tarehe: pweza hupatikana kwa wingi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na mwamba kufunuka, na huadimika wakati wa maji mafu, basi mgahawa utakaojinadi kwa supu ya pweza uhesabu mwezi mwandamo kabla ya kuhesabu viti. Mambo yote haya yaweza kutiwa katika programu, kila moja na tarehe zake, na mtumiaji mwenye busara hachori ramani moja ya Nangurukuru. Huchora ya asubuhi, ya adhuhuri, ya usiku, ya Ramadhani na ya korosho, kisha huuliza ni kiwanja gani kinachobaki kizuri katika nyingi kati ya hizo.

Ziko pia hadhari ambazo programu huzionyesha kwa uhodari kuliko jicho. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake huihifadhi njia kuu kwa mita 30 kila upande kutoka katikati yake, na anayejenga ndani ya hifadhi hiyo, kwa kutamani kuwa karibu na basi, hujenga akingoja alama ya X ukutani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa bahari, mto au ziwa, nayo humhusu kila anayeota meza zake zikipigwa na upepo wa ufukoni. Mistari hii miwili yaweza kuchorwa kwa dakika chache, na huokoa fedha za miaka. Tena kuna maji: mwezi Mei mwaka 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya kusini katika Wilaya ya Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili. Mtu aonaye bonde la Mto Matandu katika tabaka la mwinuko wa ardhi atafahamu kwa nini pahala panapopendeza kiangazi si lazima pafae masika, na atajiuliza mgahawa wake utakula nini siku ambazo hakuna basi lipitalo.

Hadhari ya mwisho ni ya uvumi. Tangu gesi nyingi ilipogunduliwa katika bahari ya kusini, zaidi ya miaka kumi iliyopita, habari za kiwanda cha kusindika gesi huko Likong'o zimewapa watu wengi wa Lindi matumaini ya kuwapikia maelfu ya wafanyakazi. Lakini hadi mwaka 2024 kiwanda hicho kilikuwa hakijajengwa. Ahadi haina tabaka katika ramani, na mtu asiipe.

Kosa kubwa zaidi la ramani, hata hivyo, si katika yale yasiyokuwapo bado bali katika yaliyopo na hayakuandikwa. Mgahawa wenye kibao huingia katika OpenStreetMap; mama lishe mwenye jiko la mkaa, benchi mbili na sufuria ya wali wa nazi chini ya mwembe haingii, ilhali yeye ndiye anayelisha stendi, ujenzi na diko. Mtu akiitazama kompyuta yake na kuona mtaa mweupe usio na mgahawa hata mmoja, asifurahi upesi; aende adhuhuri akaone ni wanawake wangapi waliokwisha kuiona nafasi hiyo kabla yake, wanauza kwa bei gani, na sahani zinakwisha saa ngapi. Elimu ya akina mama hao haikuandikwa, lakini imepimwa kila siku kwa chakula kilichonunuliwa na kilichobaki.

Kwa hiyo, msomaji uliye na azma ya kufungua mgahawa katika pwani hii, shika utaratibu huu. Anza na programu, uondoe viwanja vilivyokatazwa na sheria na vinavyotishwa na maji, ubakiwe na vitatu au vinne. Kisha zima kompyuta, chukua daftari, ukae katika kila kiwanja siku ya kazi, siku ya Ijumaa na siku ya mnada, kuanzia alfajiri hadi usiku, ukiandika kila saa ni wangapi wamepita, wangapi wamesimama na wamekula nini. Rudi uzitie hesabu hizo katika ramani yako, maana ndilo tabaka pekee ambalo mshindani wako hawezi kulipata bure. Kiwanja kitakachoshinda hapo ukichukue hata kama si kizuri kwa macho. Na kama hakuna kilichoshinda, usijenge.